Ushuhuda wa Kifua Chuma

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi Héritière zaidi. Ilimwonyesha akivuka kamba ya mwisho katika mbio za wanawake, miguu mitupu, kitenge kimekazwa kiunoni juu ya suruali, mikono juu, mdomo wazi kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumpiga picha nzuri namna ile. Aliikuta mlangoni mwa duka la Wanjohi, pale Central Avenue, Columbia Heights, kando ya Minneapolis, katika kijigazeti ambacho Wanjohi alikichapa mwenyewe kwa Kiswahili na kukigawa bure madukani na makanisani. Chini ya picha palikuwa na chupa, na chini ya chupa maneno haya:

"Nilikohoa miaka miwili nikificha. Usiku niliziba mdomo kwa mto. Leo nawaacha wenzangu nyuma. Asante, Kifua Chuma. Ni mimi Dada H., wa hapa hapa kwetu."

Héritière alirudia kusoma taratibu, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa shule ya msingi kule kambi ya wakimbizi, shule pekee aliyoipata. Hakuwahi kukohoa miaka miwili. Hiyo Kifua Chuma hakuijua hata harufu. Alichofanya ni kukimbia tu, siku ya michezo ya makanisa, kiangazi kilichopita, kwa sababu mke wa shemasi alikuwa amejisifu mno kwamba hana mpinzani.

Watu husema Héritière hana hasira. Hawamjui. Hasira yake ni ya maharagwe makavu: inakaa jikoni muda mrefu, anayepita anadhani chungu kimesahauliwa, lakini ikishaiva imeiva. Siku ile alikunja gazeti, akalitia mfukoni mwa koti, akapanda basi kwenda Saint Louis Park kusafisha ofisi za watu. Alipiga deki akiwaza kwamba ni picha tu, itapita, na kinachopita hakina haja ya kusimamishwa njiani.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Francis alilisoma tangazo lile madhabahuni, katikati ya habari za kwaya na za harusi. Wanjohi alikuwa ndiye anayelipia siku ya michezo, kwa hiyo habari zake zilisomwa kwa sauti ya kupendeza. Kanisa zima likaitikia amina, likageuza shingo kumtazama Dada H. Na kanisani kwao ushuhuda haukatizwi. Mtu akisema Mungu amenitendea, hata jirani anayejua mambo yalivyokuwa husema amina, mengine akamwachia Mungu. Mama yake, Perpétue, alimkanyaga mguu chini ya benchi ili akae kimya. Akakaa kimya.

Hapo ndipo alipokosea.

Chini yao, ghorofa ya kwanza ya jengo walilokaa, alikaa Mama Bagalwa. Huyu mama ndiye aliyempokea Perpétue kambini Kigoma alipoingia na watoto na bila sufuria. Aliwapa nusu ya unga wake na pembe ya hema lake. Watu wa namna hiyo huwaiti jirani, huwaiti ndugu, hakuna jina lao. Tangu baridi ilipoanza Héritière alikuwa akimsikia kupitia sakafu. Sauti ile haikuwa kikohozi kamili. Ilikuwa ya mtu anayekikaba kikohozi shingo kisitoke, kikatoka kwa pua, kikatoka kwa kifua kugonga ubao wa kitanda.

Siku moja, baridi ikielekea mwisho, alishuka kumpelekea sombe, kisamvu cha kwao. Akamkuta amekonda, mifupa ya shingo imesimama, blauzi imelowa jasho na nje bado kuna theluji. Dirishani chupa tupu za Kifua Chuma zilikuwa zimepangwa vizuri, mojawapo ina ua la plastiki.

Alipoulizwa habari za chupa, Mama Bagalwa alimkonyeza jicho kama msichana. Akasema alimwona kwenye gazeti, na kama dawa ilimsimamisha mtoto wa Perpétue mpaka akampita mke wa shemasi, basi hata yeye mzee itamfaa. Tena inampa usingizi mzuri, anazimika kama taa.

"Maman, miye sikuwahi kunywa ile dawa," Héritière alisema. "Sikuwahi kukohoa. Wanjohi ametunga."

Mama Bagalwa alicheka mpaka kicheko kikageuka kile kitu kingine, akainamia magoti, akakaba, akapumua. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa maji.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Na miye pia sikohoi."

Asiyepita kambini hawezi kuelewa jibu hilo, kwa hiyo lielezwe. Kule, kabla familia haijapanda ndege, kila mmoja alipigwa picha ya kifua. Ikionekana doa, au daktari akisikia kikohozi kibaya, dosiye, yaani faili la safari la nyumba nzima, ilisimama mpaka mgonjwa atibiwe. Wengine wakipona, karatasi nyingine zilikuwa zimekwisha muda, wakaanza upya. Basi watu wakajifunza kukohoa ndani. Walitafuna tangawizi, walikwenda kukoholea nyuma ya vyoo, walifundisha watoto kubana pumzi. Kumwuliza mtu "unakohoa?" ilikuwa kama kumwuliza "umeiba?" Jibu lilikuwa hapana siku zote, na aliyesema hapana kwa nguvu kuliko wote ndiye uliyejitenga naye usiku.

Kwa hiyo Wanjohi, bila hata kujua, alikuwa amepata tangazo lisiloweza kukanushwa. Kila Héritière alipokataa, ndivyo watu walivyozidi kuamini. Walimpigia jicho dukani. Walimnong'oneza wakiuliza alikunywa kabla ya kula au baada. Mwanamke mmoja alimsifu kwa ujasiri wa kukubali picha itoke.

Na Mama Bagalwa alikuwa na sababu ya kuficha kupita wote. Binti yake Mutesi alikuwa bado kambini na wajukuu, dosiye yao iko njiani. Mwaka ule safari za wakimbizi zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, na kila mwenye ndugu kule alikuwa akiishi kama mtu aliyebeba mayai. Mama Bagalwa aliamini kwamba daktari wa Minneapolis akiandika kikohozi, maandishi yale yatavuka bahari yakamfungie Mutesi mlango. Héritière alimwuliza nani alimwambia hivyo. Akajibu kwamba mambo kama hayo mtu haambiwi, anayajua.

Kiangazi kilipoingia na kikohozi hakijaisha, Héritière akamwendea Jedidah, nesi Mkenya waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Jedidah alimweleza kwa subira. Hapa mgonjwa wa kifua kikuu anapewa vidonge bure, kuna hata watu wa kumletea mlangoni, harudishwi popote, na dosiye ya binti yake haiguswi. Vidonge vyenyewe ni vya miezi mingi na vinageuza mkojo kuwa mwekundu, lakini vinaponya. Ila kikohozi cha muda mrefu chenye jasho na kukonda si cha kungoja, apimwe haraka, kwa ajili yake na kwa ajili ya anaoshinda nao. Akakubali kwenda kumwona mwenyewe.

Alikwenda. Mama Bagalwa alimpikia chai ya maziwa, akamwuliza habari za Kericho na za wazazi wake, akacheka, akasali naye. Muda wote ule hakukohoa hata mara moja. Héritière aliyekuwa amekaa pembeni aliuona mshipa wa shingo ukivimba, akaiona mikono ikikamata kiti, akaona jasho likishuka nyuma ya sikio. Jedidah alipotoka alisema labda ni mafua yanayoisha. Mlango ulipofungwa tu, Mama Bagalwa alianguka juu ya kochi akakohoa katika mto mpaka mto ukawa na doa jekundu, akaugeuza upande wa pili.

Usiku huo maharagwe yaliiva.

Wanjohi alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa kucheka, shati limepigwa pasi, na dukani kwake palinukia unga na samaki mkavu. Héritière alipoweka gazeti juu ya kaunta na kuomba atoe habari kwamba ile si kweli, hakukasirika. Alimshika bega akampeleka mbele ya fremu iliyotundikwa ukutani, nyuma ya mashine ya pesa.

Ndani ya fremu kulikuwa na ukurasa wa gazeti la zamani, umekuwa rangi ya chai. Wanjohi alisema aliununua kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu babu yake uani. Lilikuwa gazeti la mji mdogo wa hapa hapa Minnesota, la siku za farasi. Akamsomea akigeuza kwa Kiswahili. Upande huu kulikuwa na habari za siku ya michezo: mbio za wanaume wanene, mbio za wake za watu, kuvuta kamba kati ya wakulima na watu wa reli, mshindi gunia la unga. Chini yake, mchoro wa mwanamke anayekimbia ameshika sketi, na maneno yake: nilikohoa nikakata tamaa, majirani wakaninunulia sanda, nikanywa chupa kadhaa za dawa ya bwana fulani, na mwaka huu nimeshinda mbio za wake za watu.

"Unaona?" Wanjohi alisema. "Mimi sijavumbua kitu. Hawa ndio walinifunza. Usiuze dawa, uza jirani."

"Huyu mwanamke alipona?"

"Aa, dada yangu, nani anajua? Pengine hakuwahi kuzaliwa. Na kuna mtu aliuliza? Hii ni advertising tu. Ndani ni asali, tangawizi na kitu kidogo cha kulaza mtu. Nani amekufa kwa asali?"

Héritière aliutazama mchoro ule. Mwanamke alikuwa na uso wa mtu yeyote.

"Huyu labda hakuzaliwa," alisema. "Miye nimezaliwa. Na Mama Bagalwa anatema damu akisubiri asali yako imponye, kwa sababu ameona uso wangu."

Kwa mara ya kwanza kicheko cha Wanjohi kilipungua. Alisema hakumwambia mtu yeyote aache hospitali. Alisema Mama Bagalwa ni mtu mzima. Kisha, kama mtu aliyepata njia ya kutoka, akamwambia kwamba siku ya michezo ni Jumamosi, kipaza sauti kitakuwepo, atampa nafasi aseme lolote analotaka kuhusu afya, mradi avae fulana. Ilikuwa ya kijani, na kifuani imechorwa chupa. Alidhani msichana wa kupiga deki hataweza kusimama mbele ya watu.

Héritière alichukua fulana.

Nyumbani mama yake alimwonya. Perpétue alikuwa katikati ya mazungumzo ya posa na wazee wa kina Kalume, kijana fundi wa magari ambaye Héritière mwenyewe alimpenda kwa siri, na shangazi yake Kalume angekuja kwenye michezo kumwangalia mkwe mtarajiwa. Perpétue alisema: usiongee, kimbia tu, mwenye miguu mizuri haombwi maneno. Héritière akasema ataongea kidogo, atasema kwamba hakunywa dawa. Mama yake akaguna. Alisema na hilo watu watalisikiaje, we hujui watu wetu?

Jumamosi ile jua lilikuwa kali. Bustani karibu na mto ilijaa moshi wa nyama, muziki wa injili, watoto wanaojibu kwa Kiingereza kila walichoulizwa kwa Kiswahili. Watoto walikimbia na gunia, wanaume wazima walivuta kamba Wakongomani kwa Wakenya, wakaanguka kwa rundo, wakabishana nani aliteleza. Meza ya Kifua Chuma ilikuwa chini ya turubai, chupa zimepangwa kama askari, na watu wamesimama mstari.

Mama Bagalwa alikuwa amekaa kiti cha kukunja, mstari wa mbele, blanketi mapajani katika joto lile. Chupa ilichungulia mkobani.

Kabla ya mbio za wanawake Mchungaji Francis aliita ushuhuda. Wanjohi akampa Héritière kipaza sauti mwenyewe, akitabasamu. Héritière alikuwa na maneno yake tayari, ameyarudia kwenye basi wiki nzima: sikukohoa, sikunywa, ni uongo. Akawatazama watu. Mama Bagalwa alimkonyeza jicho. Lilikuwa jicho la mapenzi kabisa, jicho la kusema, danganya tu mwanangu, sote tunakuelewa.

Akaona kwamba akisema ukweli, utapokewa kama kuficha kule kule, naye atakuwa amemwua Mama Bagalwa.

Alijaa hasira, si woga. Hasira kwa Wanjohi, ndiyo. Lakini pia kwa yule mwanamke wa mchoro ambaye hakuzaliwa, kwa kambi iliyowafundisha watu kumeza kikohozi kama ushahidi, kwa wao wenyewe wanaoitikia amina kwa kila kitu kinachosemwa kwa sauti nzuri.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Ni kweli. Nilikohoa."

Wanjohi akapiga makofi. Perpétue, aliyekuwa akifunua sufuria ya sombe kando ya shangazi yake Kalume, aliganda na mfuniko mkononi.

"Nilikohoa nikificha, kama tulivyozoea kuficha. Nikanywa Kifua Chuma. Nilipata usingizi, kweli. Miye nililala, kikohozi hakikulala. Siku moja nikatema damu kwenye sinki, nikaisafisha mama asione. Ndipo nikaenda hospitali hapa Minneapolis. Walikuta kifua kikuu."

Muziki ulizimwa na mtu. Hakuna aliyesema amina.

"Walinipa vidonge. Mkojo wangu ulikuwa mwekundu miezi. Mwenye kujua anajua." Wazee fulani waliinamisha vichwa, na hapo Héritière akafahamu kwamba alikuwa akisema habari zao. "Nilipokimbia mwaka jana nilikimbia kwa vidonge, si kwa chupa. Na hakuna aliyenirudisha. Hakuna aliyefunga dosiye ya mtu wangu yeyote. Hapa kikohozi hakifungi mlango. Anayekohoa na akohoe kwa sauti, aende akapimwe. Anayekunywa hii," akagusa chupa kifuani mwake, "anazika mtu aliye hai."

Akarudisha kipaza sauti. Mkono wa Wanjohi ulikuwa umelowa. Mchungaji Francis alimtazama Wanjohi, na watu wote wakamtazama Wanjohi, kwa sababu ushuhuda ulikuwa ule ule wake, wenye uso ule ule, ila umeendelea mbele kidogo. Angesema nini? Akasema amina, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

Baadaye alimfuata nyuma ya magari. Alikuwa hacheki tena. Alisema amemharibia, watu wanarudisha chupa, na yote aliyosema ni uongo mtupu, yeye anajua ni uongo. Alimtaka arudi akaseme alidanganya.

"Sema wewe kwanza," Héritière alimjibu. "Ukimaliza, miye nitakufuata."

Wanjohi hakuenda.

Mbio zilikimbiwa. Wanawake waliopanga mstari walijisogeza, taratibu, kwa adabu, mpaka pande zote mbili za Héritière pakawa na nafasi ya mtu na mtu. Alishinda, lakini hakuna aliyemkumbatia. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kwa mkono. Alipopita na sahani za sombe kuwagawia wageni, shangazi yake Kalume alisema ameshiba, na bado alikuwa hajala.

Perpétue alingoja mpaka nyumbani. Alisugua sufuria mpaka ikalia. Kisha, bila kugeuka:

"Ulikuwa mtoto mwenye afya kuliko wote niliowazaa. Nilikuwa najivunia kifua chako." Akamwaga maji. "Kina Kalume basi, tena. Usiwangoje."

"Najua, maman."

"Ungeniambia kwanza."

"Ungenikataza."

Perpétue aliwaza hilo, akaona ni kweli, akazidi kukasirika. Héritière hakujisikia mwema wala shujaa. Alikuwa na hasira ile ile, imebadilisha tu mahali pa kukaa, na juu yake huzuni ya Kalume ambaye hakuwahi hata kumwambia neno. Chini ya sakafu palikuwa kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko kelele, kwa maana hakujua kama Mama Bagalwa amelala au anakaba, wala kama amemwamini.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Asubuhi alishuka ngazi amejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye kesi: ana maneno ya upole, ana maneno ya ukali, ana jina la Mutesi la kumbembelezea, na mwisho wa yote ana nia ya kumbeba mgongoni ikibidi.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Bagalwa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, amevaa nguo za kanisani, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba mapajani. Hakukonyeza jicho. Alikuwa ametishika kwa woga, midomo imekauka, mzee kuliko juzi.

"Uliyosema juzi ni kweli?" aliuliza. "Kuhusu dosiye, hata ya Mutesi?"

Hilo halikuwa uongo, na Héritière alishukuru kwamba kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa uongo.

"Dosiye ya Mutesi haitaguswa. Hilo ni la kweli kabisa."

Mama Bagalwa akanyoosha mkono ainuliwe. Alikuwa mwepesi mno. Nje, basi lilikuwa linakuja, na yule mzee akamkamata kiganja kwa nguvu ya ajabu.

"Basi twende upesi," alisema, "roho yangu isije ikageuka."